Jike wa Balli Guduud

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa simu yake, kilichonipata Griftu, kule Wajir, na nikimaliza kumsimulia huyu, yule anaanza na "Hebu niambie, Saadia." Jamani, nimechoka. Naandika mara moja, someni, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya haya. Habari za tiketi, ruhusa ya mwalimu mkuu na mambo mengine ya ofisini nimeyaruka. Hayana utamu.

Waberi, Garissa, nyumbani

Kwa wale mnaodhani nafuga samaki wa kuliwa: la. Samaki wangu hawazidi urefu wa kidole. Ni wa madimbwi ya mvua, yale yanayojaa msimu wa mvua na kukauka kiangazi. Maji yakija wanaanguliwa, wanakua mbio mbio, wanataga kwenye tope, dimbwi linakauka, wote wanakufa, na mayai yanabaki udongoni yakingoja mvua nyingine. Vitabuni jenasi yao inaitwa Nothobranchius. Madume wana rangi kama magauni ya dira ya harusini. Majike ni wa kijivu. Jike wa spishi hii na jike wa spishi ile, ukiwaweka pamoja, hakuna mtu atakayekuapia nani ni nani.

Ndiyo maana sisi tunaowafuga tuna sharti moja. Samaki anaandikwa jina la spishi, kisha jina la dimbwi alikotoka, na wa dimbwi moja hachanganywi na wa dimbwi jingine hata wakifanana kama mapacha. Wataalamu wenyewe bado wanazigawa spishi hizi na kuziunganisha. Leo ni mbili, kesho moja. Jina la dimbwi halibadiliki. Ukishachanganya, una samaki wa urembo tu, hujui tena ni nani.

Wangu niliwavua mwenyewe nilipokuwa nafundisha Griftu, kwenye dimbwi linaloitwa Balli Guduud. Balli ni dimbwi kwa Kisomali, guduud ni nyekundu, na udongo wa pale ni mwekundu kweli. Madume wake wana mkia wa rangi ya chungwa wenye ukingo mweusi, mkia ambao sijauona kwa samaki wengine. Daktari mmoja wa samaki niliyemtumia picha alisema huenda ni spishi mpya, huenda ni wale wale wenye mkia tofauti. Akaniomba nisikipoteze kizazi hicho mpaka apate nafasi ya kuwachunguza, dume na jike. Hakuna mwingine aliye nao.

Basi joto la mwaka huu likaua majike wangu mmoja baada ya mwingine. Mayai niliyokuwa nimeyahifadhi yakaota ukungu. Nikabaki na madume watano, wazuri kupindukia, na bila faida yoyote. Samaki hawa mwaka hawaumalizi. Nisipopata jike wa Balli Guduud kabla madume hao hawajazeeka, mchezo umekwisha.

Mvua iliposikika Wajir nikampigia Eddo Habiba, mama aliyenipangisha chumba Griftu. Eddo ni shangazi. Si wa damu, lakini nilikula kwake siku nyingi kuliko nilivyolipa kodi. Simu ilikuwa inakatika katika.

"Eddo, nakuja kutafuta wale samaki wadogo wa Balli Guduud!"

"Samaki? Njoo, abaayo, dada yangu, njoo! Utapata tele!"

Mama akasema siendi peke yangu. Nikapewa Abti Dakane, kaka yake, mzee aliyefanya biashara ya ng'ombe maisha yake yote na ambaye sasa kazi yake ni kutoa maoni. Mama mwenyewe akabaki kuwalisha madume na kuniletea habari zao.

Garissa hadi Modogashe

Mabasi yalikuwa yamesimama kwa sababu ya matope, kwa hiyo tulipanda lori la unga la kijana mmoja wa Mwingi aitwaye Mutua. Mimi dirishani, Abti katikati, ndoo zangu, nyavu na pampu ya betri miguuni. Kati yetu mimi na Abti tunasema Kisomali, lakini kwa Mutua Abti alitumia Kiswahili chake, ambacho p hugeuka b na v hugeuka f, na hakukipumzisha hata kidogo.

"Kijana, endesha bolebole. Unga haina haraka. Sisi bia hatuna haraka."

"Abti, mimi nina haraka," nikamwambia.

"Wewe nyamaza. Samaki yako iko kwa maji, itaenda wabi?"

Kwenye kizuizi askari alichungulia ndani, akaziona nyavu. Akaangalia nyavu, akaangalia barabara ya Wajir, akaniangalia mimi.

"Mama, unaenda kuvua?"

"Ndiyo."

"Wajir?"

"Griftu."

Akamwita mwenzake aje asikie. Nikarudia. Mwenzake akacheka mpaka akashika mlango wa lori, kisha akaniuliza kwa heshima zote kama nitapita tena nikirudi, wanunue. Nikawaambia samaki wenyewe ni wa kutazama. Wakacheka upya. Abti akaona aibu mpaka tukafika Modogashe.

Hapo tulikula tambi za baasto na nyama ya mbuzi. Mutua akaletewa ndizi mbivu pembeni ya sahani, akaiweka mfukoni kwa ajili ya baadaye. Abti akamtoa ndizi mfukoni, akaimenya, akaimegea ndani ya tambi zake. "Hii ni ya kula bamoja. Wewe mtu wa wabi?" Mutua akala kwa kumridhisha mzee, akaomba ndizi nyingine.

Modogashe hadi Habaswein

Mbele ya Modogashe laga, ule mto wa msimu wa mvua, ilikuwa imejaa. Maji ya rangi ya chai yanapita barabarani, na magari yamepangwa huku na huku yakingoja yapungue. Yalipungua, mvua ikanyesha juu, yakapanda tena. Tulilala pale, tukaamka pale, tukalala tena.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Mimi si mtu wa kungoja. Abti alitandika mkeka chini ya lori, akapata wazee wenzake, wakaanza kupanga nani ni mtoto wa nani mpaka mababu wa mababu. Mfugaji mmoja akatuletea maziwa ya ngamia kwenye chombo kilichofukizwa. Mutua akanusa, akaninong'oneza: "Mwalimu, haya yameungua."

"Hayajaungua. Chombo kinafukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yakae."

Akanywa kwa kufumba macho. Mfugaji akamtazama kwa huruma, akamjazia tena, akidhani amependa.

Pale pale mtandao ukapatikana na ujumbe wa Mama ukaingia: "Mmoja amekufa. Yule mkubwa. Nimemzika kwenye chungu cha mwarobaini. Mungu atakupa mwingine." Nikaenda kusimama peke yangu ukingoni mwa laga. Samaki wa kidole kimoja, na mimi macho yamejaa machozi mbele ya madereva wa malori! Abti alikuja, akasimama kando yangu.

Laga ilipokubali tukavuka taratibu. Habaswein sikuiona vizuri, nilikuwa nimelala nimeegemea bega la Abti.

Wajir hadi Griftu

Mutua alituacha Wajir mjini na kunitakia uvuvi mwema. Tukapata pikapu ya kwenda Griftu pamoja na magunia ya sukari na mbuzi mmoja aliyekuwa na tabia ya kutafuna vitu. Alitafuna kamba ya wavu wangu. Mwenye mbuzi akaniomba radhi, kisha akauliza wavu ni wa nini. Nilipomwambia, uso wake ukachangamka.

"Aa! Ni wewe yule mwalimu wa samaki! Wamekungoja!"

Nikashangaa. Nani ameningoja?

Griftu

Eddo Habiba alinikumbatia mlangoni, akamkaribisha Abti, tukaulizana hali za watu wote walio hai. Kisha chai, mikate ya anjera, nyirinyiri, yaani nyama ya kukaushwa, iliyozama kwenye samli. Mimi macho yapo mlangoni. Nilitaka kwenda dimbwini kabla jua halijashuka.

"Kula kwanza," Eddo akasema. "Unakimbilia wapi? Kazi yako tumeshaifanya."

Akanishika mkono, akanipeleka uani. Kwenye kivuli cha ukuta palikuwa na pipa la bluu lililofunikwa kwa leso. Majirani walikuwa wamekusanyika wanatabasamu. Eddo akafunua leso.

Samaki. Tele, kama alivyoniahidi. Waliposikia mgeni anatoka Garissa kwa ajili ya samaki wadogo, wakaona si adabu mgeni aingie matopeni mwenyewe. Kila mtu akaenda na beseni kwenye balli la karibu na malisho yake, wakachota, wakaleta, wakamimina. Pipa moja.

"Wametoka wapi, Eddo?"

"Kila mahali! Huyu jirani alienda mpaka upande wa Wajir."

"Na Balli Guduud?"

Wakatazamana. Balli Guduud, Eddo akanieleza, lilichimbwa kiangazi kilichopita. Tingatinga lilikuja, sasa ni silanga, bwawa kubwa lenye maji ya kudumu, na alhamdulillahi ng'ombe hawatembei tena mbali. Kona moja tu ilikuwa haijachimbwa. Mvua ya kwanza iliijaza, na mkwewe alichota humo samaki wote aliowaona, akawaleta kwenye pipa. Kona yenyewe mifugo imeshaikanyaga, haina kitu tena.

Nikapiga magoti kando ya pipa. Madume walikuwa wa bluu wenye mkia mwekundu, si wangu. Majike kumi na kitu, kijivu, kijivu, kijivu. Na juu ya maji, ubavu ukielekea juu, dume mmoja aliyekufa mwenye mkia wa chungwa na ukingo mweusi.

Basi walikuwemo. Baadhi ya majike wale niliokuwa nawatazama walikuwa wa Balli Guduud, na hakuna binadamu duniani ambaye angeweza kuniambia ni wepi.

Sikutaka mtu aone uso wangu. Nikawashukuru wote, nikamshukuru aliyeenda mbali, na shukrani hizo zilikuwa za kweli. Lakini Eddo Habiba si mtu wa kudanganywa. Watu walipotawanyika akaniketisha.

"Sema."

Nikamweleza. Majike wanafanana, tunawatambua kwa dimbwi tu, kila dimbwi na watu wake. Nilikuwa nusu ya maelezo alipojipiga paji la uso.

"Yaani tumechanganya wanyama wasio na alama?"

"Ndiyo, Eddo."

"Wallahi! Wa visima tofauti?"

"Ndiyo."

Mngemwona! Kwa mfugaji, kuchanganya mifugo isiyo na chapa si jambo la kucheka. Akamwita Abti, wakakaa kikao. Abti naye, aliyekuwa akinidhihaki tangu Garissa, ghafla akawa mtu wa samaki. Wakakubaliana kufanya kama inavyofanywa jioni vitoto vya mbuzi vikichanganyika: unafungulia mama zao, kila kitoto kinamkimbilia wake. Wakataka madume wa bluu wawekwe upande mmoja wa beseni, majike upande wa pili. Watakaowakimbilia ni wa kwao. Watakaobaki ni wangu.

Nikawaambia haiwezekani. Samaki hawa dume yeyote atamfuata jike yeyote, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Wakasema tujaribu. Tukajaribu. Wote, madume na majike, wakakimbilia mahali pamoja kula viluwiluwi vya mbu. Abti akawafokea.

Ukingo wa silanga

Asubuhi nilienda kuliona silanga, kwa sababu nilikuwa nimekuja mpaka huko na singerudi bila kupaona. Ni silanga zuri, niseme haki. Ngamia walikuwa wanakunywa. Mtu ameshaweka kambare ndani, nilimwona mmoja akivunja maji, na kambare hula chochote kilicho kidogo kuliko yeye. Samaki wangu hata wakirudishwa pale hawamalizi siku. Na nani atawaambia watu wa Griftu wafukie maji yao kwa ajili ya mkia wa chungwa? Si mimi.

Nikakaa kwenye ukingo. Udongo mwekundu ulioganda, wenye vipande vya makonokono makavu. Nikauponda mkononi. Ilinichukua muda, na mimi ni mwalimu wa biolojia: udongo huu niliokalia ndio sakafu ya Balli Guduud. Tingatinga liliuchimba kiangazi, mayai yakiwa ndani.

Nikaanza kuchimba kwa mikono. Mlinzi wa silanga akaja anakimbia na fimbo.

"Wewe! Unabomoa ukingo!"

"Nataka udongo kidogo tu, adeer, mzee wangu."

"Kidogo leo, kesho maji yote yako Wajir!"

Alikuwa na haki. Abti alifika akihema, akaanza kuuliza mlinzi ni mtoto wa nani, na baada ya kupita mababu kadhaa mlinzi akashusha fimbo. Ukingo haukuguswa. Lakini pembeni, mbali na maji, kulikuwa na rundo ambalo tingatinga lililiacha kama ziada. Juu lililoweshwa na mvua, ndani kavu. Mlinzi mwenyewe akatushikia gunia.

Kurudi

Njia ilikuwa imekauka, tukapata basi. Makanga akanyanyua gunia langu.

"Mbolea?"

"Samaki," Abti akamjibu.

Makanga akafungua mdomo wa gunia, akaingiza mkono, akautoa na vumbi jekundu. Akamtazama Abti vile watu wanavyomtazama mzee aliyechanganyikiwa na jua.

"Mzee, hii ni mchanga."

"Iko ndani, imelala. Weka fizuri, usiitube."

Zawadi ya Eddo Habiba, wale samaki wa pipa, niliipakata kwenye mtungi njia nzima, pampu ikinguruma. Hiyo sikuiacha, singeweza. Leo wamo kwenye tanki kubwa sebuleni, na nimewaandikia "Griftu, mchanganyiko, kwa hisani ya Habiba." Mgeni akiuliza spishi yao namwambia ni wa urembo.

Waberi tena

Nilikuta wamebaki madume wawili. Nikamwaga udongo kwenye beseni, nikaulowesha kwa maji ya mvua, nikangoja. Hakuna kitu. Nikaukamua, nikaukausha, nikaufunga. Dume mmoja akafa. Nikaulowesha tena.

Mama ndiye aliyeniita nikiwa nasahihisha mitihani. Alikuwa ameinama juu ya beseni na miwani yake. "Saadia, vumbi linaogelea."

Walikuwa wachache sana, na wengine hawakuvuka siku za mwanzo. Wakabaki watatu. Wakiwa wadogo wote ni wa kijivu, dume na jike, kwa hiyo huna la kufanya ila kungoja uone nani atapata rangi. Wa kwanza akapata chungwa mkiani. Wa pili naye. Akabaki wa tatu, na nyumba nzima ikawa inamtazama. Abti alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya kwenda msikitini kwake, anachungulia, anauliza, "Bado mbaya?"

"Bado mbaya, Abti."

"Alhamdulillahi."

Niliogopa kufurahi. Nilimtazama kwa tochi, nilimtazama kwa jua, nilitafuta doa lolote la rangi nikiomba nisilione. Akanenepa tumbo. Akabaki wa kijivu vile vile.

Jana nilimweka pamoja na yule dume wangu mzee aliyebaki, aliyekwisha kupauka na kupinda mgongo. Nilidhani hatajishughulisha. Akakunjua mapezi yote kama kijana, akamzunguka, akamsogeza mpaka kwenye bakuli la udongo, wakalala ubavu kwa ubavu chini kabisa na kutetemeka. Kisha wakarudia. Mayai yakaingia kwenye udongo wao.

Nikampigia Eddo Habiba. Ilikuwa siku ya soko Griftu, nikasikia mbuzi na madalali nyuma yake.

"Eddo! Jike amepatikana! Wa Balli Guduud! Ameshataga!"

Halafu nikasikia vigelegele katikati ya soko la mifugo, virefu, na wanawake wengine wakiitikia bila kujua wanaitikia nini. Sauti ya mtu ikamuuliza kuna nini, nani ameolewa.

"Binti yetu," akawajibu. "Wa hapa hapa. Yuko Garissa."